Programu zikianza kununua ufuta, nakala abaki nayo nani?

Mkazi wa Ilembo, Manispaa ya Mpanda, akilipia umeme wa LUKU kwa simu hurudishiwa ujumbe wenye tarakimu 20. Anazibonyeza kwenye mita, uniti zinaingia, mambo yanaendelea. Kazi kubwa imefanywa na usimbaji fiche. Kila mita ina ufunguo wake wa siri, na mfumo wa mauzo hukifungia kiasi cha umeme ndani ya namba ambayo mita hiyo peke yake inaweza kuifungua, tena mara moja tu. Mwaka 2024 wateja wa TANESCO waliingiza tarakimu za ziada kwa sababu hesabu ya dakika inayotumiwa na mfumo wa kimataifa wa mita hizo, iliyoanzia mwaka 1993, ilikuwa inafika ukomo tarehe 24 Novemba. Wenye nyumba wakabadilisha funguo za mita zao kwa vidole vyao wenyewe. Anayesema teknolojia hii ni ya mabenki na wahandisi tu hajaitazama mita ya jirani yake. Lakini tuangalie pia inamlinda nani. LUKU inamlinda muuzaji wa umeme asiibiwe, na mashine za EFD za kutolea risiti za kodi, zilizoanza mwaka 2010, zinalinda mapato ya serikali. Naamini wakati umefika hisabati hiyohiyo imlinde mnyonge wa muamala, hasa sasa ambapo upande wa pili unaweza usiwe mtu.

Mikopo ya simu tayari inaamuliwa na kompyuta kwa sekunde chache, bila afisa mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Nje, mambo yamekwenda mbali zaidi: Aprili 2025 Mastercard ilitangaza mfumo wa kuziwezesha programu za akili mnemba kulipa, na Septemba Google ikatoa utaratibu ambapo mwenye fedha anasaini kidijitali kibali cha nini kinunuliwe na kwa masharti gani. Ufuta wa Katavi nao hupita kwenye vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), stakabadhi za ghala na mnada wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnunuzi wa mbali anayetaka programu imwekee bei mnadani hahitaji uvumbuzi mpya. Na programu ya namna hiyo inaweza kukosea, au kulaghaiwa na maelekezo yaliyofichwa ndani ya waraka inaousoma. Bei ikikanwa siku ya pili, nani atathibitisha kilichotokea?

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni sahihi ya kidijitali, ambayo wataalamu wa usimbaji fiche Diffie na Hellman waliiwekea msingi mwaka 1976: kila tendo la programu linasainiwa kwa ufunguo uliosajiliwa kwa jina la mwenye programu, na kila kumbukumbu inabeba alama ya ile iliyoitangulia, hivyo anayefuta moja anaharibu zote zinazofuata. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ni kwamba nakala isikae kwa mwenye mfumo peke yake. Uingereza ilijifunza kwa machozi. Kati ya mwaka 1999 na 2015 mamia ya mawakala wa posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa kompyuta wa posta, Horizon, ulionyesha upungufu wa fedha kwenye hesabu zao, na wengine walifungwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibaini kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu, kampuni iliyousimamia, waliweza kuingilia hesabu za tawi kutoka mbali bila wakala kujua. Wakala hakuwa na daftari lake la kulinganisha.

Wapo watakaosema sahihi haithibitishi kwamba uamuzi ulikuwa wa haki. Ni kweli, na asiahidiwe mtu zaidi ya hapo. Ipo hisabati, iliyoasisiwa na Goldwasser, Micali na Rackoff mwaka 1985, inayoweza kuthibitisha kwamba hesabu imefanyika sawasawa bila kufichua siri zake, ila kwa programu kubwa za akili mnemba gharama yake bado ni nzito mno. Sahihi ya kawaida, kinyume chake, haigharimu karibu chochote, na inatosha kuonyesha nani aliruhusu, kiwango gani, toleo lipi la programu na saa ngapi. Wengine watauliza mkulima mwenye kitochi atahakiki vipi. Atafanyiwa uhakiki na AMCOS yake au chombo kingine anachokiamini, mradi nakala anayo. Hata kwenye LUKU hakuna mteja anayepiga hesabu.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua sahihi hizi, na inamtaka hakimu apime ushahidi wa kielektroniki kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Kinachokosekana ni sharti kwenye leseni: programu yoyote inayoweka bei au kukata deni itoe nakala iliyosainiwa papo hapo, moja kwa upande wa pili wa muamala, nyingine kwa mdhibiti. Bila hiyo, mkulima wa Ilembo atasimama mahakamani Mpanda na ujumbe mfupi wa simu, dhidi ya kampuni yenye kumbukumbu zote, na hakimu atakuwa na upande mmoja tu wa kupima.