Imani ya mama kijana hupimwa nyumbani

WENGI hudhani kuwa imani ya Kikristo hupimwa kanisani siku ya Jumapili. Kwa mama kijana, mizani yake imo nyumbani.

Mary Sumner, mke wa mchungaji wa Kianglikana katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, alilitambua hilo. Mwaka 1876, baada ya kupata mjukuu, alikumbuka jinsi mzigo wa malezi ulivyomlemea ujanani, akaanzisha Umoja wa Akina Mama. Leo umoja huo umeenea katika nchi zaidi ya 80, zikiwamo Tanzania na Kenya.

Kadi waliyopewa wanachama haikudai makubwa: kuwaombea watoto, kuwazoeza kusema kweli, kuepuka maneno machafu na kutowatuma kwenye vilabu vya pombe.

Mashauri hayo hayajapitwa na wakati. Mama anayemwagiza mtoto amwambie mwenye nyumba "mama hayupo", ilhali amejificha chumbani, amekwisha kumfundisha uongo. Akitoka na kuomba muda wa kulipa kodi, ataona aibu, na pengine atakaripiwa. Lakini mtoto atajua kwamba sala ya asubuhi ina maana hata mchana.