Kucha za shetani

Msomaji wetu wa Nakuru anataka tumwamulie ugomvi. Fundi wake amemwambia kwamba Mazda ni watu wa injini isiyo na pistoni, naye Demio yake ina pistoni 4 kama gari la jirani. Nani mkweli?

Wote wawili. Demio ni gari la pistoni na sina la kuongeza juu yake. Injini anayoisema fundi ni nyingine kabisa, na habari zake ni tamu zaidi.

Kampuni yenyewe ilianzishwa Hiroshima mwaka 1920, ikishughulika na gome la kutengenezea vizibo. Mwaka 1931 ikatoa gari la mizigo la magurudumu matatu. Bomu la atomiki lilipoanguka mwaka 1945, kilima cha Hijiyama kilikikinga kiwanda, kikanusurika. Miaka ya 1960 ilipoingia, serikali ya Japani ilitaka watengeneza magari wadogo wamezwe na wakubwa. Rais wa kampuni, Tsuneji Matsuda, akatafuta kitu ambacho wakubwa hawana. Alikipata Ujerumani: mwaka 1961 kampuni yake na kampuni ya huko, NSU, walikuwa na mkataba wa kutumia injini iliyobuniwa na Felix Wankel.

Injini hii haina pistoni za kupanda na kushuka, wala valvu. Ndani ya ganda lenye umbo la namba 8 iliyovimba kiunoni kuna kipande cha pembe tatu, pande zake zimetuna kidogo. Nilitaka kukiita pia, kwa sababu huzunguka huku kikiyumba. Mhariri akakataa: ukiandika “pia pia huzunguka”, msomaji atarudia mstari mara mbili. Basi tukiite rota, ingawa neno halina ladha.

Ncha tatu za rota hazibanduki ukutani hata kidogo. Kwa hiyo kati ya rota na ganda pana vyumba vitatu vinavyotanuka na kusinyaa: kimoja kinavuta hewa na petroli, cha pili kinabana, cha tatu kimeshawaka na kinasukuma. Rota ikizunguka mara 1, shafti huzunguka mara 3. Hakuna kinachofika mwisho, kikasimama, kikarudi kilikotoka, ndiyo maana haitetemeki sana.

Shida iko kwenye ncha. Kila moja ina sili, kijipande chembamba kinachokaa kwenye mfereji na kusukumwa nje na springi pamoja na shinikizo la gesi. Shafti ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, rota huzunguka mara 33 kila sekunde, na sili hulikwaruza ganda zima mara zote hizo.

Mwaka 1963 Kenichi Yamamoto alikabidhiwa idara ya utafiti yenye wahandisi 47. Walipofungua injini zao za majaribio walikuta ukuta wa ganda umechorwa mawimbi, mikwaruzo iliyopangana kwa nafasi sawa. Waliyaita kucha za shetani. Dawa ya kwanza anayoifikiria mtu yeyote ni kutafuta sili ngumu au laini zaidi, nao walijaribu kila kitu. Inasimuliwa kwamba walijaribu hata mifupa ya ng’ombe na farasi.

Lakini tatizo halikuwa ugumu tu. Chukua chaki ndefu, isimamishe wima ubaoni, kisha isukume mbele badala ya kuiburuta. Italia hadi darasa lizibe masikio. Sasa tazama ilichoandika: si mstari, ni nukta nukta. Chaki inashika ubao, inapinda kidogo, inaachia, inaruka, inashika tena, na mwendo huo ndio mlio wenyewe. Mwalimu mwenye hasira hukandamiza zaidi, na mlio unazidi. Mwalimu mzoefu huivunja chaki katikati. Chaki ni ileile, ubao ni uleule, lakini kipande kifupi kina mtetemo wake mwingine, na kelele zinakoma.

Wahandisi wa Hiroshima walifanya kama mwalimu mzoefu. Walitoboa sili ya chuma tundu linalopita kwa urefu wake na jingine linalolikata, uzito ukapungua pale karibu na ncha, mtetemo wake wa asili ukabadilika. Mawimbi yakatoweka. Ninapenda sana suluhisho hili: kuondoa chuma ili kitu kidumu.

Hata hivyo, katika gari la kuuza walitumia sili nyingine, ya kaboni iliyonyweshwa alumini. Gari hilo, Cosmo Sport, lilitoka mwaka 1967 likiwa na rota mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 982 tu na nguvu ya farasi 110. Mwaka 1991, gari la mbio la Mazda 787B lenye rota nne lilishinda saa 24 za Le Mans.

Ndiyo, injini hii inakula petroli na inaunguza oili, na bei ya mafuta ya mwaka 1973 nusura iizike kampuni. Mazda RX-8, gari la mwisho kusukuma magurudumu kwa rota, ilikoma kutengenezwa mwaka 2012. Rota ilirudi mwaka 2023 ndani ya MX-30 R-EV, moja tu, ikizungusha jenereta ya kuchaji betri. Safari hii sili za ncha zimenenepeshwa kutoka milimita 2 hadi 2.5.