Kabla ya Kukubali Kwamba Diski Imekufa

Kompyuta ya nyumbani huhifadhi mambo yasiyonunulika tena dukani: picha za wazazi waliotangulia mbele ya haki, hesabu za biashara, kazi za masomo. Kwa sababu hiyo, mtumiaji anapoiwasha na kukuta tangazo kwamba diski haipatikani, hushikwa na taharuki, na mwenye taharuki huwa mwepesi wa kukubali lolote analoambiwa. Katika makala hii tunaeleza kwa nini diski nzima huweza kuonekana imekufa, namna ya kuichunguza bila kupoteza kumbukumbu, na mambo ya kudai kwa fundi kabla ya kulipa.

Kidhibiti na draiva

Diski haizungumzi na Windows moja kwa moja. Kati yake kuna kidhibiti, yaani sehemu ya ubao mkuu wa kompyuta inayosimamia usomaji na uandishi wa diski. Windows nayo huwasiliana na kidhibiti hicho kwa kutumia programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi wengi huiita draiva. Draiva ni mkalimani. Akikosekana, au akiwekwa wa lugha nyingine, diski hubaki bubu ingawa kila kilichohifadhiwa ndani yake kimo salama.

Hali hiyo hutokea kwa njia tatu hasa. Ya kwanza ni sasisho la Windows au la draiva lisilopatana na kompyuta husika. Ya pili ni kubadilika kwa mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayoitwa BIOS. Ya tatu hutokea wakati wa kusakinisha Windows upya. Kwa kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, programu ya usakinishaji huweza kutoonyesha diski yoyote mpaka ipewe draiva ya kidhibiti. Hilo peke yake si ushahidi kwamba diski imeharibika.

Saa iliyorudi nyuma

Njia ya pili inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa dalili yake ni rahisi kuiona na rahisi kuipuuza. Ndani ya kompyuta nyingi za mezani mna betri ndogo ya duara, aghalabu aina ya CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS wakati umeme umekatwa. Betri hiyo ikiisha, kompyuta iliyokaa bila umeme huamka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na mipangilio yake huweza kurudi ilivyotoka kiwandani.

Miongoni mwa mipangilio hiyo ni namna ya kuendesha diski za SATA, inayoandikwa AHCI, IDE au RAID. Windows iliyosakinishwa katika namna moja mara nyingi hushindwa kuanza ikihamishiwa katika nyingine, na badala yake hutokea skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapo kilichokufa ni betri ya bei ndogo, wala si diski.

Hatua za kufuata

1. Usikubali diski ifutwe wala Windows isakinishwe upya katika hatua hii. Ikiwa kompyuta bado inawaka, nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski nyingine.

2. Sikiliza. Diski ya kuzunguka inayogonga au kukwaruza ina hitilafu ya mashine. Izime mara moja na usiendelee na hatua zinazofuata, kwa maana kila dakika ya kuzunguka huweza kuongeza uharibifu.

3. Ingia BIOS kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara tu baada ya kuwasha, kutegemea mtengenezaji. Tazama tarehe, kisha tazama kama jina la diski limeorodheshwa. Likionekana, diski inaitika, na shaka ielekezwe kwanza kwenye mipangilio na draiva. Lisipoonekana, kagua kebo zake kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

4. Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha ya kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unao ufunguo wake wa tarakimu 48, kwa sababu mabadiliko ya BIOS huweza kuifanya kompyuta iudai. Kisha badilisha jambo moja tu, ujaribu, na urudishe lilivyokuwa lisiposaidia.

5. Ikiwa Windows inafunguka, fungua Device Manager na utazame vifungu vya vidhibiti vya diski. Alama ya njano huonyesha kifaa chenye tatizo. Ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, tumia kitufe cha Roll Back Driver kurejesha draiva ya awali.

6. Draiva mpya ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa ubao mkuu pekee, kwa kufuata namba kamili ya modeli. Jihadhari na programu zinazodai kupata makosa mengi kisha kuomba malipo ili ziyarekebishe.

Unapompelekea fundi

Si kila mtumiaji ataweza hatua hizi, wala hapaswi kuona haya kutafuta fundi. Tunashauri umwambie mapema, kwa maandishi ikiwezekana, kwamba kumbukumbu zisifutwe bila idhini yako. Muulize maswali matatu: je, diski inaonekana kwenye BIOS? Je, imejaribiwa kwenye kompyuta nyingine? Vipimo vya afya ya diski, vinavyojulikana kama SMART, vinaonyesha nini? Fundi aliyeichunguza atajibu bila kusita.

Ikibidi diski ibadilishwe, dai risiti inayotaja kifaa na kazi iliyofanyika, na urudishiwe diski ya zamani. Ndani yake mna siri zako, na huenda mtaalamu mwingine akaweza kuokoa kilichomo. Kwa wasomaji wetu walio Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kumuuzia mtu diski mpya kwa kumdanganya kwamba ya zamani imekufa ni upotoshaji, na risiti ndiyo itakayobeba malalamiko yako.

Mwisho, tunakumbusha kwamba hata diski nzima siku moja itachakaa. Aliye na nakala ya pili ya mafaili yake, iliyohifadhiwa mbali na kompyuta, ndiye anayeweza kumsikiliza fundi kwa utulivu.