Taa ya chunusi haifanyi kazi peke yake

Kati ya bidhaa zinazotangazwa siku hizi kwa wenye chunusi ni taa ndogo na barakoa zinazotoa mwanga wa buluu au mwekundu. Wauzaji husema ukiwa nayo huhitaji dawa tena. Madaktari wa ngozi hawasemi hivyo.

Chunusi huanza pale kitundu cha unyweleo kinapozibwa na mafuta na ngozi iliyokufa. Bakteria huzaliana humo, uvimbe na usaha hufuata. Bakteria hao hutengeneza kemikali iitwayo porfirini, na ikipigwa na mwanga wa buluu wa nanomita 415 hivi, huwageuka na kuwaua wao wenyewe. Ni kazi nzuri, ila taa haizibui kitundu. Ndiyo maana mwanga huunganishwa na dawa ya kupaka, kama adapalini inayozibua, au benzoili peroksaidi (hii, kina mama, hupausha shuka na vitenge).

Kutibu ngozi kwa mwanga si jambo geni. Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu hivyo kifua kikuu cha ngozi. Lakini kwa chunusi, mwongozo wa chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani wa mwaka 2024 ulisema ushahidi wa taa na leza bado hautoshi, ukatanguliza dawa.

Kwetu wenye ngozi nyeusi kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mwanga wa nanomita hizo hizo 415 unaweza kuacha weusi unaodumu majuma kadhaa. Kijana akiona madoa, hukimbilia mkorogo. Ukiwa na klobetasoli, uso hung'aa siku za mwanzo, kisha chunusi hurudi kwa wingi na ngozi huwa nyembamba. Rwanda iliendesha msako wa mafuta ya kujichubua mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Anayeyavusha Rusumo asihofie mzigo kukamatwa tu, afikirie pia anamuuzia jirani yake kitu gani.

Wengine huuliza: kama mwanga unatibu, kwa nini tusianike uso juani? Jua lina miale mingine inayounguza na kuongeza madoa. Tena vidonge vya doksisaiklini, vinavyotolewa kwa chunusi zilizozidi, huifanya ngozi iungue haraka. Aliye kwenye dozi hiyo, naye anapanga foleni ya forodha tangu asubuhi, ajitande kitenge au avae kofia pana. Mjamzito asivitumie, na isotretinoini asiiguse kabisa, kwani humlemaza mtoto aliye tumboni.

Dawa za kupaka huchukua majuma 8 hadi 12 kuonyesha matokeo. Asiyepata nafuu amwone mtaalamu wa ngozi. Kituo cha Moshi, Tanzania, kimewafundisha wataalamu hao kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Aende na kopo la kila alichopaka, hata kile alichonunua sokoni bila lebo.