Fulusi za Makaisari

Historia ya dola ya Rumi imezoea kusimuliwa kwa dhahabu ya wafalme na ushindi wa majemadari. Lakini atakaye kuijua dola ile kama alivyoijua mnyonge aliyeishi chini yake, na atazame sarafu zake za shaba. Hizo ndizo zilizonunua mkate.

Ni Kaisari Augustus aliyeziweka sarafu hizo katika utaratibu madhubuti. Sestertius ilipigwa kwa shaba ya manjano, uzito wake ukikaribia gramu 25. As ilikuwa ya shaba nyekundu. As nne zilifanya sestertius moja, na sestertius 100 sarafu moja ya dhahabu. Hesabu yenyewe yatosha kuonyesha masafa yaliyokuwapo baina ya mchukuzi na tajiri.

Upande mmoja alikaa Kaisari. Upande wa pili, lile alilotaka raia waliamini. Nero alichora bandari ya Ostia imejaa merikebu. Vespasian, mwaka 71, alimchora mwanamke wa Uyahudi ameketi kwa huzuni chini ya mtende, ili kila mwenye kununua vitunguu ashike ushindi wa dola kiganjani. Ulikuwa uenezi hodari, ingawa waliotekwa hawakuulizwa. Lakini picha haikumlinda mwenye sura: mwanahistoria Cassius Dio asimulia kwamba baada ya Caligula kuuawa, Baraza la Senati liliamuru shaba yenye sura yake iyeyushwe.

Maangamizi yalipitia sarafu za fedha. Makaisari wenye vita vingi na hazina tupu walizidi kupunguza fedha ndani yake, hata kufikia miaka ya 260 kilichoitwa fedha kilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu. Bei zikapanda. Sestertius, ambayo shaba yake sasa ilizidi thamani iliyopewa, ikaishia kuyeyushwa.

Diocletian alijaribu kuirudisha imani ya watu. Yapata mwaka 294 alitoa sarafu mpya ya shaba yenye fedha kidogo; mwaka 301 akatangaza bei za juu kabisa za bidhaa na ujira, na adhabu ya mvunjaji ikawa kifo. Lactantius, aliyeishi zama hizo na hakumpenda hata kidogo, aandika kwamba bidhaa ziliadimika sokoni kwa hofu, na amri ikaachwa. Wenye dhamana ya kupanga bei hawahitaji kufasiriwa habari hii.

Shaba haikufa. Mwaka 498 Kaisari Anastasius, akitawala kutoka Konstantinopoli, alitoa sarafu kubwa ya shaba iliyoitwa follis. Waarabu waliipokea wakaiita fals, na wingi wake fulus. Ndiyo fulusi yetu. Kwao, mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha kisha akabakiwa na vishaba hivyo tu, alisemwa kuwa muflis. Kutoka mzizi huohuo sisi twasema amefilisika.