Injini ya Rotari Katika Gari la Spoti la Zamani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Baadhi ya wamiliki wa magari madogo ya spoti yaliyoundwa Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970, kama vile MGB, MG Midget na Triumph Spitfire, huondoa injini ya asili na kuweka mahali pake injini ya rotari iliyotengenezwa na Mazda ya Japani. Kazi hii hufanywa zaidi Uingereza, yalikozaliwa magari hayo, na Marekani, yalikouzwa kwa wingi. Hapa nchini magari ya namna hiyo ni machache, lakini yapo. Nayo maduka ya vipuri huuza injini zilizotumika kutoka Japani. Kwa hiyo mlaji anayemiliki gari la aina hii, au anayetaka kununua lililokwisha kubadilishwa ng'ambo, anapaswa kuelewa anachokilipia.

Makala haya hayamzuii mtu kufanya kazi hiyo. Yanaeleza jambo moja ambalo bei ya kwanza ya fundi aghalabu hailitaji: injini yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Gharama kubwa, usalama wa abiria na uhalali wa gari barabarani hutegemea vitu vinavyoizunguka injini hiyo, yaani giaboksi, upoaji, nyaya, breki na hati.

Injini ya rotari ni nini?

Katika injini ya kawaida, pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, na kranki hugeuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka. Injini ya rotari haina pistoni. Ndani ya kasha lenye umbo linalokaribia yai lililobanwa kidogo katikati, huzunguka rota yenye nyuso tatu na ncha tatu. Kila uso wa rota, ukizunguka, huvuta hewa na petroli, huvigandamiza, huvichoma na kutoa moshi. Hakuna valvu wala mhimili wa kuzifungua. Hewa na moshi hupita katika matundu yanayofunuliwa na kufunikwa na rota yenyewe.

Mbuni wake ni Felix Wankel wa Ujerumani, aliyefanya kazi pamoja na kampuni ya NSU. Injini ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957, na gari la kwanza la kuuzwa, NSU Spider, lilitoka mwaka 1964. Mazda ilipata leseni ya teknolojia hiyo mwaka 1961, ikatoa Cosmo Sport mwaka 1967, kisha RX-7 mwaka 1978. RX-8, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, ndiyo chanzo cha injini nyingi za rotari zinazouzwa leo zikiwa zimetumika.

Injini zinazotajwa mara nyingi ni mbili: 12A, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,146, na 13B, yenye 1,308. Kila moja ina rota mbili. Mlaji asidanganywe na takwimu hizo. Injini ya kawaida yenye ujazo wa lita 1.3 huvuta lita 1.3 za hewa katika mizunguko miwili ya kranki. 13B huvuta kiasi hicho katika kila mzunguko mmoja wa mhimili wake. Katika mizunguko miwili huvuta lita 2.6. Ndiyo maana Japani, katika kukadiria kodi ya magari, huzidisha ujazo wa injini ya rotari kwa 1.5. Anayetarajia matumizi ya petroli ya gari la lita 1.3 atasikitika.

Kwa nini watu huitaka?

MGB ilitoka kiwandani na injini ya chuma ya sentimita za ujazo 1,798, yenye nguvu farasi zipatazo 95. RX-8 yenye giaboksi ya gia sita iliuzwa Uingereza ikiwa na nguvu farasi 231. Pamoja na nguvu hiyo, injini ya rotari ni fupi na nyembamba kiasi cha kuingia hata katika pua ya gari dogo bila kusukuma uzito mwingi mbele. Huzunguka kwa ulaini, na hupenda kasi kubwa: ile ya RX-8 hufika mizunguko 9,000 kwa dakika.

Sifa hizo ni za kweli. Lakini nguvu yake hupatikana juu, katika mizunguko mingi. Chini huvuta kwa unyonge kuliko mwenye gari anavyozoea. Mtu anayeendesha zaidi katika foleni za mjini atapata kelele na matumizi makubwa ya petroli, na ataionja nguvu aliyoilipia kwa nadra.

Vinavyoizunguka injini

Giaboksi. Injini ya Mazda haifungiki moja kwa moja kwenye giaboksi ya MG au Triumph. Fundi atatumia giaboksi ya Mazda, au atachonga bamba la kuunganishia. Mara nyingi hulazimika kukata sakafu katikati ya gari ili giaboksi mpya ipate nafasi, na kutengeneza upya shafti ya kwenda nyuma. MGB haina fremu ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba mzigo wote. Chuma kinachokatwa bila kuimarishwa hulidhoofisha gari lenyewe. Uliza ni wapi patakatwa na pataimarishwaje.

Upoaji. Injini ya rotari hutoa joto jingi, na sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na oili, si maji pekee. Rejeta ya asili ya gari dogo la Kiingereza haitoshi, na kipozeo cha oili ni cha lazima. Kwa gari litakalosimama katika foleni ya Dar es Salaam mwezi wa Januari, hili si la kujadiliwa. Injini ya rotari iliyochemka mara moja tu inaweza kuharibika sili zake kiasi cha kuhitaji kufunguliwa yote.

Ekzosi. Moshi wa injini hii hutoka ukiwa na joto kubwa kuliko wa injini ya pistoni. Bomba likipita karibu na mpira wa petroli, nyaya au sakafu bila kinga ya joto, hatari ya moto ni ya kweli.

Umeme. MGB zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1967 ziliunganishwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Vifaa vya Mazda huhitaji ncha hasi kwenye bodi. Fundi asiyelijua hili ataunguza vifaa vya bei kubwa siku ya kwanza ya kuwasha. Aidha, injini ya RX-8 huongozwa na kompyuta, na huhitaji pampu yenye msukumo mkubwa kuliko ile iliyolisha kabureta za zamani. Hakikisha bei inajumuisha kompyuta, nyaya zake na pampu.

Breki na miguu ya gari. Gari lililobuniwa kwa nguvu farasi 95 lilipewa breki za kulisimamisha kwa mwendo wake. Ukiongeza nguvu maradufu, breki, ekseli ya nyuma na matairi havina budi kufuata. Triumph Spitfire za mwanzo zinahitaji uangalifu wa pekee: muundo wa ekseli zao za nyuma huweza kuruhusu gurudumu kujikunja chini ya gari katika kona kali. Kiwanda kilirekebisha muundo huo katika toleo la Mark IV la mwaka 1970. Kuliongezea gari la kabla ya hapo nguvu bila kurekebisha nyuma yake ni kuhatarisha maisha.

Ukinunua injini iliyotumika

Ncha za rota hufungwa na sili nyembamba zinazosugua ukuta wa kasha wakati wote. Sili hizo zikichakaa, mgandamizo hupotea. Injini huweza kuwaka vizuri ikiwa baridi na kukataa kuwaka ikiwa ya moto. Muuzaji anayekuonyesha injini ikiwaka asubuhi hajakuonyesha kitu.

Dai kipimo cha mgandamizo. Kipimo cha kawaida cha injini za pistoni hakitoshi, kwa sababu huonyesha tu uso ulio bora kati ya nyuso tatu za rota. Kipimo cha rotari hutoa tarakimu tatu kwa kila rota, yaani sita kwa injini nzima, pamoja na kasi ya mzunguko wakati wa kupima. Kwa injini ya RX-8, kiwango cha chini ni kilopaskali 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika. Tarakimu sita hazina budi kukaribiana. Uso mmoja ukiwa chini sana ya wenzake, sili moja imekwisha, na injini nzima itafunguliwa.

Fahamu pia kwamba injini hii huchoma oili kwa makusudi: pampu ndogo hupeleka oili kidogo ndani ili kulainisha sili. Anayekuambia kwamba yake "haili oili kabisa" ama haijui, ama pampu hiyo imeondolewa. Ikiwa imeondolewa, uliza oili ya kulainishia itapatikana kwa njia gani. Baadhi ya wamiliki huichanganya na petroli katika tangi. Mwenye gari akague oili kila anapojaza petroli, na asizime injini mara tu baada ya kuiwasha kwa dakika moja, kwa kuwa petroli hulowanisha plagi na kuifanya isiwake tena.

Hati za gari

Kadi ya usajili hutaja namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wa injini. Injini ikibadilishwa, kadi hiyo haisemi kweli tena. Mwenye gari anapaswa kwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), inayosajili magari, ili taarifa zirekebishwe. Kwa sababu hiyo, usinunue injini isiyo na namba inayosomeka wala risiti inayoonyesha ilikotoka. Injini ya wizi hubaki ya wizi hata ikiwa imefungwa kwa ustadi.

Uingereza nako mwenye gari hutakiwa kuiarifu mamlaka ya usajili, DVLA, injini inapobadilishwa, na hati ya gari iitwayo V5C hutaja namba ya injini na ujazo wake. Anayeagiza kutoka huko gari lililokwisha kubadilishwa alinganishe hati hiyo na namba iliyochongwa kwenye injini kabla ya kutuma fedha. Asiridhike na kauli kwamba gari la zamani kule halikaguliwi. Ni kweli kwamba tangu Mei 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka. Lakini msamaha huo hauligusi gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, na injini ya aina nyingine inaweza kuhesabiwa kuwa badiliko la namna hiyo.

Iarifu pia kampuni ya bima kwa maandishi, na utunze jibu lake. Bima iliyokatwa kwa injini ya nguvu farasi 95, wakati gari lina injini nyingine, humpa mkata bima sababu ya kukataa dai siku ya ajali.

Makubaliano na fundi

Kabla ya kutoa malipo ya awali, pata makubaliano ya maandishi yanayotaja mambo yafuatayo:

1. Aina na namba ya injini, pamoja na tarakimu sita za mgandamizo wake.
2. Orodha ya kila kitu kilichomo katika bei: giaboksi, shafti, rejeta, kipozeo cha oili, ekzosi, pampu, kompyuta, nyaya na breki.
3. Sehemu za bodi zitakazokatwa na namna zitakavyoimarishwa.
4. Hatua za malipo. Lipa kwa kazi iliyokamilika na kuonekana, na ubakize sehemu ya mwisho hadi gari liendeshwe, lipate moto, lizimwe na kuwashwa tena.
5. Muda wa dhamana, na nani atalipa injini ikichemka ndani ya muda huo.
6. Injini ya asili. Ni mali yako. Irudishwe kwako pamoja na giaboksi yake, kwani gari linaloweza kurudishwa katika hali yake ya kiwandani huuzika kwa urahisi zaidi.

Bei ya fundi ikitaja injini na "ufungaji" tu, hiyo ni bei ya nusu ya kazi. Mwombe aiandike upya kwa kufuata orodha hii, kisha ulinganishe na gharama ya kuitengeneza vizuri injini ya asili. Baadhi ya walaji, wakishaziona hesabu hizo mbili, huchagua kubaki na walichonacho.

Mgogoro ukitokea

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hukataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu aina au ubora wa bidhaa na huduma. Ikiwa injini uliyouziwa siyo uliyoahidiwa, mwandikie muuzaji au fundi kwanza, ukieleza kasoro na suluhisho unalotaka, na umpe muda wa kujibu. Asipotekeleza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) ukiwa na makubaliano, risiti, picha na matokeo ya kipimo. Usiruhusu fundi mwingine aifungue injini kabla haijapimwa na kupigwa picha, kwa kuwa injini ikishafunguliwa ni vigumu kuonyesha ilikuwa katika hali gani ulipoipokea.