BARUA YA KUOMBA MICHANGO YA MITI

Mwanachama mmoja alitusimamisha njiani hapo Chake Chake akatuuliza, "Bwana Katibu, ile barua ya mchango wa miche imeleta nini?" Tuliona haya kumjibu, maana haikuleta kitu. Tuliwapelekea ndugu zetu walioko Maskat na Dar es Salaam, nayo ilijaa maneno makubwa: mazingira, tabianchi, vizazi vijavyo. Tulipoisoma tena tuliona kwamba hata sisi wenyewe isingetutoa senti.

Basi yatupasa kuwaelezeni ilikosea wapi, kwani kabla ya masika twataka kuandika nyingine.

Mtu aliyezaliwa Wete akakulia chini ya mikarafuu hatoi fedha kwa ajili ya neno "mazingira". Hutoa kwa ajili ya chemchemi aliyotumwa maji utotoni. Ikiwa chemchemi hiyo sasa hukauka wakati wa kaskazi, na aambiwe hivyo, kwa jina la mahali, na aambiwe ni miche mingapi itapandwa juu yake. Tena tusitaje bei ya mche peke yake. Mche usiomwagiwa maji wala kuzungushiwa ua ni chakula cha mbuzi, na bei ya ua na ya maji ni sehemu ya bei ya mti.

Wenzetu wa baharini wametutangulia katika jambo hili. Kisiwa cha Misali kiliwekwa katika hifadhi mwaka 1998, na katika kusema na wavuvi yalitumiwa mafundisho ya Kiislamu: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, na alichokabidhiwa ni amana. Kisiwa chenyewe masimulizi yasema Nabii Khidhri alisali hapo, na jina lake lanasibishwa na msala. Hawakuwa wakiombwa fedha, ni kweli, bali waliombwa kuacha uvuvi wa kuharibu, na hilo kwa mvuvi si dogo kuliko fedha.

Nasi tunayo hoja kama hiyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba apandaye mti, kila kinachokula humo, mtu, ndege au mnyama, huandikiwa yeye sadaka. Lakini tusimtishe mtu kwa dini. Atoaye kwa kuona haya hutoa mara moja tu.

La mwisho ni hesabu, na hapa ndipo tulipokosea zaidi. Katika barua ile tulijisifu kwa miche tuliyopanda zamani, bila kusema mingapi ipo hai. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanza kazi yake ya miti mwaka 1977, hakufanya hivyo: akina mama walipata malipo kidogo kwa mche ulioshika, wala si kwa ule uliotiwa ardhini tu. Mtoaji wa mbali hana macho huku ila hesabu yetu. Iliyokufa nayo itajwe, na sababu yake.

Kwa hiyo twawaomba kila tawi litupatie, kabla ya mwisho wa mwezi huu, jina la chemchemi moja iliyopungua maji, jina la mwenye shamba aliyekubali, na idadi ya miche ya mwaka jana iliyo hai leo. Tafadhalini msikadirie. Nendeni mkaihesabu.